Tulikwenda Nakuru Kuleta Gari, Tukarudi na Kiti

Jumapili ile tuliporudi, nyinyi jamaa zangu mlikuwa mmejaa kwenye uwanja wa kanisa hapa Sugoi, mmenyoosha shingo kuelekea barabara ya Eldoret. Mlikuwa mmeambiwa kwamba Arap Metto amekwenda Nakuru kuleta pikapu mpya. Akina mama walikuwa wameshatandika vitambaa na chai imechemka. Kisha mkasikia kikohozi mnachokijua, na kwenye kona akatokea Chemosi yuleyule, matope mpaka masikioni. Kitu kipya mlichoonyeshwa ni kiti. Mlicheka sana, na chai mkanywa vilevile.

Tangu siku hiyo sipiti dukani bila mtu kuniuliza, "Arap Metto, kiti kinaendeleaje?" Nimechoka kusimulia vipande vipande. Naandika yote mara moja, mpokezane msome, mniache nilime mahindi yangu.

Kwa yule ambaye si wa hapa, Chemosi ni gari la jeshi. Wakati wa vita vikuu vya pili nilikuwa dereva kule Bama, tukipigana na Wajapani, na vita vilipokwisha, magari yaliyobaki yakauzwa, nami nikapata moja. Ni fupi, pana, na magurudumu yote manne yanavuta. Fundi Singh wa Eldoret alimkata na kumuunga upya. Alimwinua juu, akamjengea bodi ya mbao, akapandisha bomba la moshi mpaka juu ya paa ili maji ya mto yasiingie, akamwekea mnyororo wa kuvutia na ngazi ya kupandia. Taa za mbele zilikuwa zimevunjika, basi akafunga moja tu, kubwa, katikati ya paji la uso. Watoto walipoliona jicho hilo walikimbia wakilia, "Chemosi! Chemosi!", wakidhani ni lile zimwi la mguu mmoja ambalo bibi zetu hulitumia kuwatisha wakaidi. Jina likaganda. Mzee Eliya wa kanisa alilikataza kwa kuwa ni la kipagani, lakini siku anayotaka kupelekwa hospitali ya misheni Plateau, husikika akiuliza, "Chemosi anaondoka saa ngapi?"

Nampenda gari huyu na sioni aibu kusema. Lakini mke wangu Tabitha, Mama Joeli, nyonga inamsumbua tangu alipojifungua kitinda mimba wetu. Kiti cha Chemosi kilikuwa ubao uliofunikwa gunia. Kila Jumapili tukifika kanisani alishuka, akasimama kwanza ameshika ngazi, akingoja mguu ukubali kutembea, na watu wanamtazama. Nilikuwa nikimwona hivyo, moyo unaniuma. Ndiyo sababu nilipatana na duka moja la magari Nakuru, wamchukue Chemosi wanipe pikapu mpya yenye kiti laini. Mambo ya makaratasi nayaruka, hayana utamu.

Njia nyepesi ya Nakuru mnaijua, ni kupitia Timboroa. Lakini Tabitha aliniomba tupitie Kabarnet. Dada yake Leah ameolewa huko ng'ambo ya bonde la Kerio. "Nimsalimie Leah kwanza," alisema. Sikuona neno. Nikasema hata Chemosi aage bonde lake.

Sugoi hadi Eldoret

Tulipakia asubuhi mvua ikinyesha. Mimi nilikuwa na mfuko mmoja. Tabitha alikuwa na kapu kubwa lililojazwa nyasi kavu, na ndani ya nyasi vibuyu vya maziwa, vingine virefu, vingine vya tumbo kubwa, vyote vimejaa mursik, yale maziwa yanayolazwa mpaka yagande ndani ya kibuyu kilichopakwa mkaa. Kapu lilikaa mahali pa mipira yangu ya akiba.

"Mama Joeli, mzigo huu wote ni wa nini?" nilimuuliza. "Leah ana kiwanda?"

"Ni vibuyu vyake. Narudisha."

"Si ungebeba kimoja au viwili?"

"Endesha gari, Baba Joeli."

Nikaendesha. Kabla hatujafika mjini tulikuta gari limelala katikati ya matope, tumbo chini. Nilipolitazama vizuri nililitambua: pikapu ya kijani, mpya, aina ileile niliyokuwa naitamani. Pembeni alisimama Mzungu mmoja mwenye shamba, amevaa buti, mbwa wake ameketi ndani kwenye kiti akituangalia. Yule bwana hakutusalimu. Alisema, "Vuta!"

Nikatoa mnyororo, Chemosi akavuta, pikapu ikatoka ikipiga kelele kama nguruwe. Mzungu alizunguka gari langu, akatazama jicho lake, bomba lake na mbao zake.

"Gari gani hii?"

"Chemosi, bwana."

"Mbaya sana," akasema, akaingia kwake, akaenda zake.

Tabitha alicheka mpaka akashika nyonga. Mimi sikucheka. Nilianza kuitetea ile pikapu kama vile ni mtoto wangu aliyeanguka mtihani. Nikamwambia gari halina kosa, ni yule bwana hajui kuendesha, gia ya matope ni ya pili na yeye alikuwa amekanyaga mafuta ovyo. Tabitha alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa."

Eldoret hadi Tambach

Pale Eldoret, ambapo wazee wetu bado wanapaita Sisibo, nilisimama kwa Fundi Singh akaze breki, kwa sababu mteremko wa Tambach si wa kuchezea. Alikuwa chini ya lori la mtu, akamjua Chemosi kwa mlio, akatoka bila kuitwa.

"Arap Metto, hii breki nasikia iko lalamika."

Nikamwambia safari ni ya Nakuru, na sababu yake. Alichukua kitambaa akafuta mikono, akafuta tena, ingawa ilikuwa imeshatakata.

"Hao tataka injini," alisema. "Tataka gurudumu. Hii mbao, hii mvule mimi napiga randa siku mingi, tapasua kuni." Akapiga bodi kwa kiganja mara moja. Kisha akalala chini akakaza breki zote, akakataa chai yangu, akasema tu, "Tambach pole pole."

Niliondoka nimenyong'onyea kidogo, lakini haikuchukua muda. Baada ya Iten barabara inafika ukingoni, nchi inakatika chini yako, na bonde la Kerio linaonekana lote limelala kwenye joto lake. Hapo huwa nasimama hata kama sina sababu. Tulikula viazi vitamu vya baridi tukilitazama.

Sasa niwaeleze jinsi tunavyoshuka. Kwenye kona kali Chemosi hapindi mara moja. Lazima asogee, arudi nyuma, asogee tena, na huko nyuma hakuna kitu, ni hewa. Basi Tabitha hushuka na kutembea kando akiwa na kabari ya mti mgumu, na kila ninaposimama huisukuma chini ya gurudumu. Akisema "Shika!" natulia. Akisema "Haya!" naachia. Tumefanya hivyo miaka yote, na hakuna mtu mwingine ambaye naweza kumpa kabari ile nikalala usingizi. Hata siku za nyonga kuuma, mteremko ule huutembea mwenyewe. Husema kutembea kunauma kidogo kuliko ubao wangu.

Kwenye kona ya mwisho alisimama na kabari mkononi, akaniuliza, "Hiyo pikapu itapinda hapa?"

"Hatutapita hapa tena!" nilimjibu kwa furaha. "Umemaliza kazi ya kabari, Mama Joeli!"

Nilidhani nimempa habari njema. Alipanda ngazi yake polepole, akaiweka kabari miguuni, akatazama mbele.

Tambach tulicheleweshwa na askari mmoja kijana, nguo zake zimepigwa pasi mpaka zina makali. Alipoona kapu la vibuyu alijua amewakamata wauza pombe.

"Fungua hii."

"Ni maziwa, mwanangu," Tabitha alimwambia. "Yametikiswa njia nzima na huku kuna joto. Ukifungua, fungua pole pole, na usimame kando."

"Mama, usinifundishe kazi."

Akang'oa kizibo. Wale mnaojua mursik iliyotikiswa hamhitaji kuambiwa. Kijana alioga kuanzia kofia mpaka mkanda. Watu waliokuwa wakinywa chai pale kibandani walitoka wote, na mmoja akamuuliza kama pombe yenyewe ni kali. Nimsifu kwa hili: hakukasirika. Alijilamba mdomo, akasema, "Ni maziwa kweli," akatuachia.

Mimi nilitaka tuondoke papo hapo. Tabitha alikataa. Kibuyu kile kilikuwa kimepungua nusu na alitaka kijazwe.

"Leah hatajua," nilimwambia.

"Nitajua mimi. Nataka vyote vijae."

Basi tukazunguka Tambach kutafuta maziwa mazuri ya kulala, nyumba kwa nyumba, mpaka jua likashuka na safari ya siku ile ikawa imekufa. Tulilala kwa mwalimu mmoja mkarimu aliyetupa ugali wa wimbi na mboga za majani zilizopikwa kwa maziwa, chakula ambacho hata sasa nikikikumbuka namsamehe yule askari. Lakini jioni ile nilinung'unika. Niliona mke wangu amekuwa mbishi bila sababu.

Tambach hadi mtoni

Bonde lilitupokea na joto lake. Njia huko si barabara, ni mapito ya ng'ombe yaliyopanuliwa, miiba pande zote, na Chemosi alikuwa amefurahi kama mbuzi aliyefunguliwa. Tulifika kivukoni tukakuta Kerio imejaa, maji ya rangi ya chai ya maziwa, magogo yanapita.

Pale kivukoni anakaa rafiki yangu Mzee Arap Kisang, mfuga nyuki. Hukaa kwenye jiwe lake akitazama maji, na yeye ndiye husema lini mto unavukika. Siku zote nimemtii. Walikuwepo na watu wengine na mizigo yao, wanangoja. Mama mmoja mwenye magunia ya wimbi aliponiona alipiga kigelegele. "Tulijua tu Chemosi atapita!" alisema, akaanza kupakia kabla sijazima injini.

Tulingoja mpaka kesho yake. Arap Kisang alitupa asali ya kwenye sega na nyama ya mbuzi iliyokaushwa, tukakaa kivulini, na nikamweleza kwamba ninakwenda kumbadilisha Chemosi.

"Huyo mpya, atakaa naye boma moja?"

"Hapana, Mzee. Mpya akija, huyu anabaki Nakuru."

"Amekukosea nini?"

"Hajakosea. Amezeeka."

Mzee alitema sega. "Kwani wewe ukioa mke wa pili, utamfukuza Mama Joeli?"

"Mzee, mimi ni Mkristo. Naruhusiwa mmoja tu."

"Basi baki na huyu mmoja!"

Wote pale walicheka, na Tabitha akacheka zaidi ya wote, halafu akainuka akaenda kukaa mbali kidogo, karibu na maji. Nilidhani ni joto. Nikamwambia Arap Kisang kwamba pikapu ina kiti cha springi, kwa ajili ya nyonga ya mama. Hapo aliacha kucheka, kwa sababu naye anamheshimu sana Tabitha. Baadaye aliuliza kwa sauti ndogo, "Na huyo wa springi anaogelea?"

Asubuhi alitazama jiwe moja katikati ya mto, lilipotoa kichwa akasema, "Sasa." Chemosi aliingia. Maji yalifika kwenye jicho, bomba likaendelea kupumua juu ya paa, magunia ya wimbi yakavuka, wenye magunia wakavuka, wawili wakiimba. Niliposhika usukani ule nilikuwa na raha ambayo sijui kuieleza, na wakati huohuo nilikuwa najiambia kwamba hii ndiyo mara ya mwisho, mwanaume, jikaze.

Mtoni hadi Kabarnet

Kupanda milima ya Tugen ni kazi ya gia ya kwanza na maombi. Tulifika kwa Leah mchana, vumbi tupu. Watoto walikwea juu ya Chemosi kabla hajasimama, maana huko gari ni yeye tu wanayemjua. Shemeji Zakayo, mume wa Leah, alitoka akicheka, na Leah nyuma yake, mikono imejaa unga, akakumbatiana na dada yake hata unga ukahamia wote kwa Tabitha.

Kulikuwa na kuku, kulikuwa na chai, tukashiba. Kisha Tabitha akafungua kapu. Alitoa vibuyu kimoja kimoja, akavifuta nyasi, akavipanga kwenye mkeka. Leah alikuwa akiongea na kucheka. Kadiri vibuyu vilivyoendelea kutoka, maneno yake yakaanza kupungua. Mwishoni Tabitha aliingiza mkono chini kabisa ya kapu, akatoa kibuyu kidogo chenye ushanga shingoni. Kile nakijua. Kilikuwa cha marehemu mama yao, na tangu wote wawili waolewe kimekuwa kikisafiri kati yao, mwezi huu kiko Sugoi, mwezi ule kiko Kabarnet.

"Hata hiki cha mama?" Leah aliuliza.

"Hata hicho."

Leah alikaa chini kwenye mkeka, akakiweka mapajani. Zakayo alitazama kikombe chake.

Jamani, mimi nimelelewa na mama Mnandi. Najua kabisa desturi ya akina mama wetu. Kibuyu cha mtu hukirudishi kikiwa kitupu, hilo hata mtoto analijua. Na la pili ni hili: hurudishi vyote. Unabakiza kimoja, ili kuwe na sababu ya kuja tena. Mama yangu alikuwa akibakiza. Bibi yangu alikuwa akibakiza. Anayerudisha vyote kwa pamoja, vimejaa, anamaliza. Anaaga.

Mimi nililitazama kapu lile tangu Sugoi, nikalalamikia nafasi ya mipira. Nilizunguka Tambach nzima kutafuta maziwa ya kujazia kwaheri ya mke wangu, nikimwita mbishi moyoni. Pikapu ya springi haipindi kona za Tambach, haivuki Kerio, wala ukizungukia Nakuru haipandi majabali ya kutoka Marigat, na mtu wa nyonga mbovu hatembei kwa miguu kutoka Iten mpaka huku. Yeye alikuwa amelielewa hilo siku ileile niliyomletea habari nikiruka ruka kama ndama.

Nilitoka nje nikasimama karibu na Chemosi. Tabitha alinifuata.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi, Baba Joeli." Alishika ngazi kama anavyoishika kanisani. "Na ulifanya kwa ajili yangu. Nyonga ni yangu, wewe ndiye unayeitafutia dawa. Ningekataaje?"

"Kwa mdomo. Ungesema hapana."

"Halafu nirudi kwenye ubao?" Akacheka kidogo, machozi yakiwa pale pale. "Hata mimi nakitaka kile kiti. Usifikiri sikitaki. Mguu unaniuma sana siku nyingine."

Na ilikuwa kweli. Kama angekuwa anamtaka dada tu, au kiti tu, ningejua la kufanya. Asubuhi ya kuondoka Leah hakutupa kibuyu hata kimoja. Alitushika mikono, akaingia ndani haraka.

Kabarnet hadi Nakuru

Kuhusu njia hii sina mengi. Tuliteremka mpaka Marigat, kuna vumbi, kuna mbuzi, kuna jua. Tulinunua samaki mkavu aliyekuwa na chumvi kuliko samaki. Tabitha alisema niendelee tu, mambo yameshapangwa, na kwamba mtu hazuii safari kwa ajili ya vibuyu. Alisema hivyo vizuri, bila kinyongo, nami nikaona afadhali angenigombeza. Kapu tupu lilikuwa linagonga gonga nyuma njia nzima.

Nakuru tulipokelewa na karani Mhindi wa lile duka, mtu mpole mwenye miwani. Kwanza alitazama nyuma yangu. "Bwana yako iko wapi?"

"Bwana ni mimi."

Aliomba radhi vizuri, akaleta viti, akaleta chai yenye tangawizi, tukaelewana. Pikapu ilikuwa imeoshwa inametameta. Alimfungulia Tabitha mlango, na Tabitha akaingia bila ngazi, kwa hatua moja tu, kama mtu anayeingia jikoni kwake. Akakaa. Akafumba macho. Nilimwona usoni jinsi maumivu yalivyomwachia, nikasema moyoni, imekwisha, ninamchukua huyu mpya, na Mungu atafungua njia nyingine ya Kabarnet.

Lakini ulimi wangu haukukubali kunyamaza. "Karani, hii inavuka mto?"

"Mto gani?"

"Kerio."

Alivua miwani. Angeweza kunidanganya, na biashara ikapita. "Bwana, mimi takuambia kweli. Hii kwenda stesheni, mzuri. Kwenda kanisa, mzuri. Kerio hapana. Kerio iko taka gari kama ile sura mbaya yako."

Nilitembea kidogo uani kutafuta hewa. Nyuma ya karakana kulikuwa na magari yaliyopata ajali, mengine yamekunjamana. Moja lilikuwa la aina ileile ya pikapu, uso umeingia tumboni, lakini ndani kiti kilikuwa kizima, springi zake, ngozi yake nyeusi, hata hakijachanika. Nilisimama pale nikakitazama, nikahisi mtu ananigonga kichwani kwa rungu la neema.

Nikamwita Tabitha. "Kaa hapa."

"Hapa kwenye takataka?"

"Kaa, mama."

Akakaa, akashusha pumzi, akajisogeza huku na huku.

"Kinafanana na kile?"

"Kinafanana."

"Kabisa?"

"Baba Joeli, ni kilekile. Kwani una nini?"

Karani alipoelewa tunachotaka alicheka mpaka akakaa chini. Mafundi wa pale walikifungua kile kiti. Ubao wangu wa gunia niliutupa mwenyewe kwenye takataka, na mafundi wakakifunga kiti kwa Chemosi kwa bolti ndefu, kisha wakakata ngazi na kuishusha, wakaiongezea kipandio cha chini kinachomtosha mtu wa nyonga. Haikupendeza. Chemosi alikuwa wa kutisha, sasa akawa wa kutisha aliyevaa kiti cha bwana.

Kurudi

Tabitha alifurahia kiti, na akadhani mambo yameishia hapo, kwamba tunakwenda nyumbani. Nilipofika njia panda, kushoto ni Timboroa na Eldoret. Nikapinda upande mwingine.

"Nyumbani ni kule," alisema.

"Najua."

"Sasa tunaenda wapi?"

"Kabarnet. Umesahau kibuyu."

Alitoa mkono wake akauweka juu ya wangu, pale kwenye gia, akauacha hapo mpaka barabara ilipoharibika na nikauhitaji mkono.

Leah alisikia kikohozi kutoka mbali. Tulipofika alikuwa amesimama njiani, na wala hakuuliza maswali. Alikizunguka kiti, akakibonyeza kwa kidole, akakaa, akaruka juu yake kama mtoto. Kisha aliingia ndani, akarudi na kile kibuyu kidogo cha ushanga. Alikuwa amekiosha na kukipaka mkaa, nacho kimejaa.

"Ulijua tutarudi?" nilimuuliza.

"Sikujua, shemeji. Nilishindwa tu kukitundika ukutani." Akamkabidhi dada yake kwa mikono miwili. "Hiki usikilete na vingine tena."

"Sirudii," Tabitha alisema.

Kivukoni Arap Kisang alimkagua Chemosi, akauliza yule mpya yuko wapi. Nikamwambia mpya ni kiti. Alikaa juu yake muda mrefu mno, mpaka nikaogopa hatatoka. Tambach, kwenye kona, Tabitha alishuka na kabari yake. Nikamwambia akae tu, nitamtafuta mtu. Akaniangalia kama niliyetukana. "Shika!" akasema. Nikashika.

Basi, hiyo ndiyo habari. Maziwa mliyokunywa Jumapili ile mkisifu mkaa wake yalikuwa ya Leah. Kibuyu sasa ni kitupu, kiko ukutani kwetu, na ng'ombe wetu mweusi amezaa. Mkiniuliza tena kiti kinaendeleaje, jibu ni hili: kinaondoka mwezi ujao kwenda Kabarnet, na mwenyewe atakuwa amekikalia, kibuyu cha mama yake mapajani, kimejaa.